Divisheni ya Tatu ya 13

Fomu ya kuomba chuo kikuu hapa Tanzania haina mahali pa kujieleza. Unaweka namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unaweka ya kidato cha sita, mfumo unavuta matokeo yako wenyewe, halafu unachagua kozi. Basi. Jina, namba, kozi, kontroo namba ya kulipia. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, ulikuwa unakaa umbali gani na shule, mwalimu wako wa Kiingereza alikuwepo au hakuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapenda vitabu wengi tumeshasoma zile simulizi za Wamarekani: mtu kapata alama za kusuasua, kaandika insha ya kutoa watu machozi, chuo kikubwa kikamchukua. Simulizi tamu, sikatai. Ila zikifika Nachingwea hazina pa kushikia.

Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 2018, tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nikapata C ya Kiswahili, E ya Historia, E ya Kiingereza. Divisheni ya tatu ya 13. Kwa hesabu ya mtihani, C ni pointi 3 na E ni pointi 5, na pointi zikizidi ndivyo unavyozama. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mambo yanageuka juu chini: C ni 3, E ni 1, wanaangalia masomo mawili tu, na jumla isipungue 4.0. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama juu ya mstari wenyewe, kidole gumba kimegusa chokaa. E yangu ya pili haikuwa na kazi yoyote, ilikuwepo tu kama mgeni wa harusini asiyejulikana kaja na nani.

Aliyekuwa akinisomesha ni mjomba. Kwetu Wamwera hilo halihitaji maelezo, mjomba ndiye mwenye neno na ndiye mwenye mzigo. Alizisikiliza hesabu zote mbili huku anashona mdomo wa gunia la ufuta, akaniuliza:

"Sasa mpwa wangu, umefaulu au hujafaulu?"

"Nimefaulu mjomba, ila kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama korosho za daraja la pili."

Akafikiri. "Hizo si zinanunuliwa? Bei tu ndiyo inashuka." Akaendelea kushona. Kwake mjadala ulikuwa umekwisha: kama zinanunuliwa, zipelekwe ghalani.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye cheti halipo. Katika HKL tulikuwa wanafunzi 38, na mimi nilikuwa wa pili. Shule sitaitaja. Mwalimu wetu wa Kiingereza alihama tukiwa kidato cha tano, hakuja mwingine, na tangu hapo tukawa tunafundishana wenyewe, anayejua kidogo anamshika mkono asiyejua kabisa. Nakala ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilikuwa moja darasa zima, haina jalada, na tuliigawa kwa zamu ya usiku. Zamu yangu ilikuwa saa nane hadi saa kumi alfajiri. Kuna mwenzetu aliyeisoma kuanzia katikati kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa kwa mtu mwingine, na akaijibu mtihanini vizuri tu. Aliyekuwa wa kwanza alipata divisheni ya pili. Baada yake mimi. Baada yangu thelathini na sita.

Watu husema "alama za chini ya wastani". Wastani wa nani? Wa nchi nzima, sawa, nilikuwa chini. Wa chumba kile chenye madirisha yasiyo na vioo, nilikuwa karibu na dari. Namba ni ileile, 13, na inasema mambo mawili tofauti kabisa kutegemea umesimama wapi unapoisoma. Na sisi watu wa Nachingwea tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Kwetu ndiko Waingereza walikokuja mwaka 1947 na mradi wa karanga, na makaratasi yenye takwimu safi: ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea, reli kutoka Mtwara. Takwimu zilikuwa nzuri. Udongo na mvua havikuwa vimeulizwa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli yenyewe ikaja kung'olewa miaka ya sitini. Wazee bado wanakuonyesha tuta lilipopita.

Basi, nikataka Mlimani.

Nilijua kabisa kwamba kuna vyuo vingine ambavyo 4.0 yangu ingetosha bila jasho. Lakini mimi nilitaka Kiswahili, na nilitaka mahali ilipotengenezwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya mwaka 1981. Tulikuwa nayo shuleni na nilikuwa naisoma kama watu wanavyosoma riwaya, kuanzia A. Nilitaka kupita kwenye korido alizopita Kezilahabi akifundisha. Ukiniuliza leo kama hiyo ni sababu ya maana ya kuchagua chuo, nitakuambia ndiyo, na tena sijui sababu nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Kuomba niliombea Ruangwa. Mama mdogo wangu ana steshenari pale mjini: fotokopi, printa, picha za pasipoti, madaftari, na kompyuta mbili zenye intaneti. Julai matokeo yakitoka, biashara ya mwaka mzima inafanyika ndani ya wiki sita. Nilipanda gari kutoka Nachingwea, barabara ilikuwa bado ya vumbi, nikafika rangi ya tofali. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nioge kwanza halafu nikae kwenye kompyuta ya pili, nisaidie wateja huku nikisubiri yangu. Nikakaa wiki tano.

Hiyo ndiyo elimu yangu ya juu ya kwanza. Wanakuja kutoka Mbekenyera, Mandawa, Nkowe, wengine na baiskeli, wengine na baba zao wamevaa kanzu utadhani wanakwenda kuoa. Wanakuja na matokeo yameandikwa nyuma ya daftari. Ada ya maombi ilikuwa shilingi elfu kumi kwa kila chuo. Tangu mwaka 2017 ule utaratibu wa kuomba vyuo vyote kwa mfumo mmoja wa TCU ulikuwa umeondolewa, sasa unaomba chuo kimoja kimoja na kila kimoja kinataka elfu kumi yake. Mwezi Novemba mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kwa hiyo mwenye kupenda hesabu aone: kuomba chuo kimoja ni kilo tatu za korosho na shilingi mia juu yake. Kuomba vitano ni kilo kumi na tano. Mtoto wa mjini anaomba vitano kama anavyonunua vocha. Kwetu baba anauliza, "Hapa unapoomba, wanachukua kweli?" na wewe uliyekaa kwenye kompyuta ndiye unayetakiwa kujibu.

Na jibu lilikuwa gumu, kwa sababu sifa ya chini ni ruhusa ya kugonga mlango tu. Chuo kinapanga waombaji kwa pointi, kinahesabu viti, kinapiga mstari. Ukiwa na 4.0 na mwenzako ana 9, na viti vimeisha kwenye 6, hakuna aliyekuonea. Nilikuwa nawaeleza hivyo wateja, kwa upole, wazazi wakiitikia kwa kichwa. Halafu wakitoka nafungua ukurasa wangu mwenyewe, natazama ile 4.0.

Mama mdogo alikuwa na dawa yake ya kutia watu moyo. Ruangwa hiyo, mbunge wao ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, Kassim Majaliwa, na kila aliyenuna kwenye benchi aliambiwa: "Huyo mnayemwona alianzia ualimu. Chuo cha ualimu kwanza, kufundisha, ndipo Mlimani, kamaliza mwaka 1998. Mna haraka ya nini?" Wengine walicheka. Mimi nilikasirika kimoyomoyo, maana nilikuwa na umri wa miaka ishirini na haraka ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo.

Dirisha la kwanza: sikuchaguliwa. Dirisha la pili: sikuchaguliwa. Nilikuwa nimeweka kilo sita za korosho, tuseme, na zote zimeliwa. Chuo kimoja cha mbali kilinichukua kwa kozi nisiyoitaka, na ada yake ilisubiri pesa ya korosho ambayo msimu ule ilichelewa kufika mikononi mwa wakulima, hata ile nafasi ikapita. Mjomba hakusema neno baya. Alisema tu, "Sasa turudi ghalani tukaangalie mnunuzi mwingine."

Mnunuzi mwingine alikuwa karibu mno kiasi kwamba sikuwa nimemwona: chuo cha ualimu pale pale Nachingwea, nyumbani. Stashahada. Nilikwenda kwa miguu na begi kichwani. Sitayasimulia ya miaka ile, yalikuwa ya kawaida, nilisoma, nikamaliza, nikafundisha kwa kujitolea, nikaajiriwa. Leo nafundisha Kiswahili katika wilaya ya Ruangwa, na shahada naisomea Chuo Kikuu Huria, usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Mlimani nimefika mara moja, kumsindikiza mtu. Nikaomba anionyeshe zilipo ofisi za Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mlango ulikuwa umefungwa, ilikuwa Jumamosi.

Ninachotaka kukizungumzia hasa ni ule ukurasa usiokuwepo, wa kujieleza. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kama ungekuwepo, ningeingia. Ningeandika kuhusu zamu ya saa nane usiku, kuhusu mwalimu aliyehama, na mtu mwenye huruma huko Dar es Salaam angesoma na kusema, huyu tumchukue. Sasa siamini hivyo tena, au siamini kirahisi.

Kwanza, ukurasa huo tulishawahi kuwa nao. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilisema mtu akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Akafanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, na akija aje na maoni ya mwajiri wake na ya chama. Nia ilikuwa njema: apatikane msomi aliyewahi kushika jembe, na mfanyakazi mwenye umri mkubwa naye apate mlango. Lakini fikiria mwenye kalamu ni nani hapo. Mkuu wa idara. Mwenyekiti wa tawi. Binti wa miaka ishirini anaomba maoni mema kwa mwanamume wa miaka hamsini, ofisini, mlango umerudishwa. Haikuchukua muda idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia chuoni ikashuka, ikabidi wao waondolewe sharti hilo. Mimi na 13 yangu, nisingependa hatima yangu iandikwe na mwenyekiti wa tawi. Kompyuta haijui kwetu, lakini pia haiwezi kuniambia nirudi jioni.

Pili, hao wenye ukurasa wenyewe. Mwaka 2019 huko Marekani iligundulika kwamba wazazi matajiri walikuwa wanamlipa dalali mmoja, William Singer, awaingizie watoto wao Yale, Stanford na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Majibu ya mitihani yalirekebishwa, watoto ambao hawajawahi kucheza mchezo wakatengenezewa picha za uanamichezo. Hao ni waliokamatwa. Wasiovunja sheria yoyote wanaajiri tu mwalimu wa kuwafundisha kuandika hiyo insha ya machozi. Sasa mniambie, siku fomu yetu ikiwekewa ukurasa wa kujieleza, nani ataandika vizuri zaidi kuhusu shida: mtoto wa Masaki mwenye mwalimu wa insha, au yule wa Naipanga aliyepata E ya Kiingereza? Na huyo wa Naipanga, kwa nini alazimike kuanika umaskini wa mama yake mbele ya watu asiowajua ndipo aonekane ana akili?

Kwa hiyo nimebaki upande wa namba. Ila nataka namba isomwe pamoja na mahali ilipotoka, na hilo si jambo la ajabu, wenzetu wanafanya. Makerere tangu mwaka 1990 huwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba, na katika vyuo vya umma vya Uganda kuna nafasi zinazogawiwa kwa wilaya, ili wilaya ya pembezoni isiishie kuwa jina kwenye ramani. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1997: ukiwa katika asilimia kumi ya juu ya shule yako, hata shule iwe ya namna gani, vyuo vikuu vya jimbo lazima vikupokee. Baadaye kwa kile chuo chao kikubwa cha Austin asilimia hiyo ilibanwa, lakini wazo lenyewe likabaki. Asilimia kumi ya wanafunzi 38 ni watatu na kitu. Mimi nilikuwa wa pili.

Nilipoisoma sheria hiyo nilikuwa chumba cha walimu, nasubiri kipindi. Nililazimika kutoka nje kidogo.

Julai hii steshenari ya mama mdogo imejaa tena. Barabara imekuwa nzuri, kompyuta zimekuwa nne, na wengi wanaomba kwa simu zao wenyewe, wanakuja tu kuuliza. Mimi naenda Jumamosi. Alikuja binti mmoja niliyewahi kumfundisha kabla hajaenda kidato cha tano mkoa mwingine.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba. Imekuwaje?"

Akanipa simu. C, E, E. Sikusema kitu kwa muda. Historia ndiyo C yake, Kiswahili E, jambo lililoniuma kama mwalimu. Anataka sheria, na anaitaka Mlimani. Babake alikuwa amesimama nje kivulini, na noti mbili za elfu kumi kumi.

Zamani ningemweleza habari za mstari na viti. Nilimweleza, ni haki yake kujua. Nikamwambia pia kwamba kuna stashahada ya sheria, kwamba akifaulu vizuri anaruhusiwa kuomba shahada kwa njia hiyo, na kwamba itamchukua miaka. Akasikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyekwisha amua. Halafu nikamuuliza ile noti ya kwanza anaiweka wapi.

"Mlimani, madamu."

"Na ya pili?"

"Stashahada."

Nina mchezo mmoja ninaowafanyia. Wakati tunasubiri malipo yasome, nawapa karatasi na kalamu, nawaambia waandike kile ambacho fomu haikuwauliza. Ukurasa mmoja, Kiswahili, hakuna wa kusahihisha. Nina bahasha nzima ya karatasi hizo sasa. Nilipoanza nilidhani nitasoma habari za njaa na yatima. Mmoja aliandika namna ya kuzibua bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho bila kununua kipuri, hatua kwa hatua, kwa ufundi ambao sijauona kwenye kitabu chochote cha kiada. Mwingine aliandika kwa nini Namungo wasingemuuza beki wao. Hakuna hata mmoja aliyeandika kuhusu alama zake.

Yule binti aliandika kuhusu mizani. Kwamba siku za mnada yeye ndiye humwandikia bibi yake kilo kwenye daftari pale ghalani, kwamba mwaka mmoja namba ya karani na namba yake hazikufanana, na kwamba alisimama hapo hadi gunia likapimwa tena. Hakuandika gunia lilipopimwa tena lilisomaje. Nilimuuliza. Akacheka, akasema, "Yangu ndiyo ilikuwa sawa, madamu, ila na bibi naye alikuwa ameongeza mawe."

Malipo yakasoma. Akatoka nje kumwambia babake.